Idi ya Mfunguo Mosi Nyamasaria: Matayarisho Yake na Kipimo cha Fitri

Nyamasaria iko upande wa mashariki wa mji wa Kisumu, kando ya barabara kuu iendayo Ahero na Nairobi. Waislamu wa mahali hapo ni wachache, nao wanakaa kati ya majirani ambao wengi wao ni Wakristo. Hata hivyo, siku za mwisho za Ramadhani zinapofika, hakuna asiyejua kwamba Idi imekaribia. Mafundi wa cherehani hukesha wakimaliza kanzu na magauni, akina mama hununua viungo vya pilau na hina, na watoto hawaachi kuuliza ni usiku gani mwezi utaonekana.

Furaha hiyo huonekana na kila mtu. Lakini sikukuu hii ina deni lake, ambalo lazima lilipwe kabla watu hawajasimama kusali. Deni hilo ni fitri, na mara nyingi hulipwa pungufu, si kwa ubakhili bali kwa kutojua kipimo chake. Makala haya yanaeleza jinsi Idi inavyotayarishwa na kusherehekewa, na jinsi deni hilo linavyopimwa.

UISLAMU KATIKA KISUMU

Uislamu haukuingia jana katika nchi za ziwani. Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, wafanya biashara Waswahili na Waarabu walikuwa wakipita na misafara yao hadi Mumias, na Nabongo Mumia wa Wanga, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu. Reli ilipofika, wenye maduka kutoka Bara Hindi na watu wa pwani walizidi kuja. Wanubi, ambao ni wazao wa askari wa Sudani, nao walipata makazi yao Kibos. Msikiti wa Jamia wa mjini Kisumu ulijengwa mwaka 1919. Wajaluo pia wameingia katika dini hiyo, hata leo katika nyumba moja ya Nyamasaria huenda pilau ya pwani ikaandaliwa pamoja na ngege wa ziwani, na wote wakala kwa furaha.

KUANDAMA KWA MWEZI

Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na mwaka wake ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa siku 10 hadi 12. Kwa sababu hiyo Idi haikai mahali pamoja katika kalenda. Mwaka 2000 ulikuwa na Idi mbili za namna hii, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba.

Jua likichwa siku ya 29 ya Ramadhani, watu hutazama upande wa magharibi. Mwezi ukionekana, Ramadhani imekwisha na kesho yake ni siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, yaani mwezi wa Shawwal. Usipoonekana, hutimizwa siku 30. Katika Kenya watu wengi hungoja tangazo la Kadhi Mkuu. Wengine hufuata habari za kuonekana kwa mwezi katika nchi nyingine, na ndiyo sababu mara nyingine ndugu wawili husali Idi siku mbili tofauti. Jambo hilo lisiwe chanzo cha ugomvi nyumbani.

Serikali huiweka Idi hii katika sikukuu za taifa, na siku yake hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mwaka 2024, kwa mfano, ilitangazwa kuwa Jumatano tarehe 10 Aprili. Mwajiri na mwajiriwa wakilifahamu jambo hili mapema, hakuna atakayelaumiwa kwa kutofika kazini.

FITRI NA KIPIMO CHAKE

Wanavyuoni wameeleza kwamba fitri ina faida mbili. Ya kwanza ni kumtakasa aliyefunga na maneno ya upuuzi na makosa yaliyompitia katika mwezi wa saumu. Ya pili ni kumlisha maskini, ili siku ya furaha asiwe mtu wa kuzunguka akiomba.

Kila Mwislamu aliye na chakula kilichozidi mahitaji yake na ya watu wake kwa usiku na mchana wa Idi amewajibika kuitoa. Mwenye nyumba hujitolea mwenyewe na wote walio chini ya ulezi wake, wakubwa kwa wadogo. Hata mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya jua kuchwa siku ya mwisho ya Ramadhani hutolewa yake.

Kipimo chake ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu. Pishi hiyo ni vibaba vinne, na kwa Kiarabu huitwa saa. Kwa mizani ya siku hizi wanavyuoni wengi huikadiria kuwa kilo 2½ mpaka 3, kwa kuwa nafaka hazilingani uzito. Chakula chenyewe ni kile kinacholiwa zaidi na watu wa mahali hapo. Nyamasaria si lazima mtu atafute ngano au tende, kwa maana mahindi yapo, na mchele hulimwa karibu katika nyanda za Kano, ambako mradi wa kumwagilia mashamba wa Ahero ulianzishwa katika miaka ya 1960.

Hapa ndipo makosa yanapoingia. Katika masoko ya Kisumu nafaka hupimwa kwa gorogoro, yaani lile bati ambalo watu hulihesabu kuwa la kilo 2. Wengi hutoa gorogoro moja kwa kila mtu wakidhani wametimiza. Tuseme nyumba ina watu 7. Kwa kilo 2½ kila mmoja, inawapasa kilo 17½. Wakitoa gorogoro 7, wametoa kilo 14 tu, na zimepungua kilo 3½. Kwa nyumba hiyo gorogoro 9 ndizo zitakazotosha. Tena yako mabati yaliyobonyezwa chini, ambayo hayajazi hata hizo kilo 2. Aliye karibu na duka lenye mizani na apime kwa mizani. Asiye na mizani na azidishe, kwa maana kuzidisha ni sadaka, na kupunguza ni deni.

Wafuasi wa Imamu Shafi hushikilia kutoa chakula chenyewe. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa huruhusu thamani yake kwa fedha. Misikiti mingi hupokea fedha mapema, ikanunua nafaka na kuigawa. Mwenye shaka amwulize imamu wake.

Jambo la mwisho kuhusu fitri ni wakati wake. Wakati ulio bora ni asubuhi ya Idi, kabla ya sala. Katika madhehebu ya Shafi inaruhusiwa kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani, na faida ya kuitanguliza ni dhahiri. Mjane anayepokea mchele saa nne za asubuhi, watoto wa jirani wakiwa wamekwisha kula, ameupata mchele lakini ameikosa Idi. Akiupata siku mbili kabla, atapika pamoja na wenzake.

ASUBUHI YA IDI

Siku hiyo kufunga ni haramu. Watu huoga, huvaa nguo zilizo bora kati ya walizo nazo, nao wanaume hujitia manukato. Nguo hizo si lazima ziwe mpya, na si vema mtu akope ili apate kuonekana. Ni sunna kula kidogo kabla ya kutoka, hasa tende kwa hesabu ya witiri, yaani moja, tatu au tano. Kisha watu hutoka wakileta takbira njiani. Walio na nafasi huenda mjini kwa matatu au bodaboda, na wengine husali palipo karibu.

Sala ni rakaa mbili, isiyo na adhana wala ikama. Kwa madhehebu ya Shafi rakaa ya kwanza ina takbira 7 zaidi ya ile ya kufungulia sala, na ya pili ina takbira 5. Hotuba hufuata baada ya sala. Wakati wa kurudi hupendekezwa kupita njia nyingine, na kwa namna hiyo mtu husalimiana na watu wengi zaidi. Wazee waangalie watoto wanapovuka barabara kuu ya Nairobi, kwa sababu magari hayapunguzi mwendo kwa ajili ya sikukuu.

MAJIRANI

Kwa kauli ya wanavyuoni wengi, fitri hupewa maskini Waislamu. Lakini sahani ya Idi haina mpaka huo. Nyamasaria pilau, chapati na mahamri hupelekwa nyumba za jirani bila ya kuuliza mtu anasali wapi, na Krismasi ikifika sahani hiyo hurudi na chakula kingine. Mtu asidhani kwamba sahani hiyo ndiyo fitri. Fitri ni haki ya maskini, na sahani ni hisani ya jirani. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Mwaka 2020 mambo haya yalionekana wazi. Idi ilikuja mwezi wa Mei, misikiti yote ya Kenya ikiwa imefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na watu wakasali majumbani. Mwezi huohuo maji ya ziwa yalikuwa yamepanda kupita kiasi, na mafuriko yalikuwa yamewatoa watu wengi wa Kano katika nyumba zao. Mkusanyiko haukuwapo, na wengi hawakuwa na nguo mpya. Fitri haikuondolewa kwa mwenye uwezo, na wenye kuihitaji walikuwa wengi kuliko miaka mingine.

Baada ya Idi, wenye kupenda hufunga siku sita za Mfunguo Mosi, ziitwazo sita. Mengine yote ya sikukuu hutegemea uwezo wa mtu. Basi mwenye nyumba ahesabu watu wake kabla ya kuhesabu nguo, apime kwa ukamilifu, na nafaka ifike kwa maskini kabla ya imamu kuleta takbira ya kwanza.