Betri ya Lithiamu kwa Boti: Piga Hesabu Kabla ya Kuweka PIN

Simama ufuoni Mbita au Usenge giza likianza kuingia. Taa za wavuvi wa omena zinatoka moja moja mpaka ziwa linafanana na mtaa wenye stima. Zamani zilikuwa karabai za mafuta taa. Siku hizi nyingi ni LED, na LED inataka betri. Hapo ndipo swali linapoanza: nichukue ile betri ya maji niliyoizoea, ama niongeze pesa nipate lithiamu?

Usianze na bei. Anza na kazi ya usiku mmoja. Tuseme boti yako ina taa nne za wati 10, zinawaka saa 10. Hiyo ni wati-saa 400. Ongeza kifaa cha GPS, kuchaji simu mbili na taa ndogo ya usalama, weka 100. Jumla ni 500.

Sasa soma kibandiko cha betri. Zidisha volti kwa Ah. Betri ya maji ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu kila usiku itakufa mapema. Kwa hivyo unayoweza kutegemea ni kama 600. Lithiamu ya volti 12.8 na Ah 50 ina 640, na unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, yaani 512. Umeona? Lithiamu ya Ah 50 inakaribia kufanya kazi ya betri ya maji ya Ah 100. Muuzaji akikwambia ubadilishe Ah 100 kwa Ah 100, anakuuzia zaidi ya unachohitaji.

Uzito nao si jambo dogo. Betri ya maji ya Ah 100 ina kilo 25 hadi 30. Lithiamu ya Ah 100 ni kama kilo 12, na ya Ah 50 ni karibu nusu ya hapo. Mtu anayeibeba kutoka nyumbani hadi majini kila jioni anajua maana yake. Na uzito ni kipimo kizuri cha ulaghai: ukiuziwa "Ah 100" inayobebeka kwa vidole viwili, ndani kuna seli chache, labda zilizotolewa kwa laptopu za zamani. Uliza mizani.

Si lithiamu zote ni sawa. Kwa boti, tafuta iliyoandikwa LiFePO4. Inastahimili joto vizuri kuliko aina nyingi za seli za simu na laptopu, na ikitunzwa huchajiwa zaidi ya mara 2,000, wakati betri ya maji mara nyingi huchoka ikifika mia chache. Uliza pia kama ina BMS, ule ubongo mdogo wa ndani unaokata moto betri ikijaa kupita kiasi, ikiisha kabisa, au nyaya zikigusana. Hakuna BMS, hakuna biashara. Halafu angalia kinga ya maji. IP67 inamaanisha inaweza kuzama mita moja kwa dakika 30 bila maji kuingia. Kama haina, ifunge kwenye sanduku lisilopitisha maji na uiweke juu, si sakafuni pale maji ya boti yanapokusanyika. Weka fyuzi karibu na betri. Ndugu zetu wa Lamu na Kilifi wapake grisi kwenye vichwa vya betri, kwa sababu chumvi haina huruma.

Chaja ya zamani isikudanganye. Kontrola ya sola lazima iwe na mpangilio wa lithiamu, kwa kawaida volti 14.2 hadi 14.6. Kwa hesabu yetu ya wati-saa 500, paneli ya wati 150 inatosha siku yenye jua la kawaida. Na kama injini yako inawashwa kwa ufunguo, acha betri ya maji ifanye kazi hiyo. Lithiamu nyingi za taa hazikutengenezwa kwa ule mvuto mkubwa wa kuwasha injini. Wa kuvuta kamba, endelea kuvuta.

Tuje kwa pesa, maana hapa ndipo watu huumia. Lithiamu ni ghali mwanzoni, kwa hivyo wengi huchukua ya kulipa mdogo mdogo. Mfano tu: betri na paneli, pesa taslimu 40,000. Mdogo mdogo ni deposti 3,000 halafu 150 kila siku kwa mwaka. Shilingi 150 inaonekana kama chai na mandazi. Zidisha: 150 mara 365 ni 54,750, ongeza deposti, 57,750. Umeongeza 17,750. Huenda bado inakufaa ukilinganisha na mafuta taa unayochoma, lakini jua unanunua nini.

Kuna jambo lingine ambalo karatasi ya mkataba haliandiki: mwezi. Omena hufuata taa, na mbalamwezi ikiwa kamili taa yako haina nguvu, boti zinakaa nchi kavu. Ukifanya kazi usiku 20 kwa mwezi, deni halijali. Linataka 150 siku zote 30, yaani 225 kwa kila usiku uliofanya kazi. Na betri nyingi za mdogo mdogo hujifunga usipolipa. Kabla ya kusaini, uliza: naweza kulipa siku nyingi mbele? Ikijifunga, inafunguka nikilipa ya leo tu ama malimbikizo yote? Je, nikichelewa jina langu linapelekwa CRB? Ukiweza, lipa siku 10 za mbele wakati wa giza, mbalamwezi ikukute huna deni.

Siku ya kulipa, lipa kwa till au paybill ya biashara, si namba ya mtu. Jina litakalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha lifanane na la duka. Likija jina la mtu usiyemjua, katisha hapo hapo, hata kama "boda iko njiani na mzigo". Usitume pesa zote kabla hujaiona betri ikiwasha taa zako. Risiti iwe na namba ya betri yenyewe na muda wa waranti, na zile meseji za malipo usizifute. Mtu akipiga simu baadaye kukuomba PIN ili "awashe waranti", huyo ni mwizi.

Na ziwa likifungwa kwa omena, usiiache betri ikiwa tupu kwenye kona ya nyumba. Ichaji hadi nusu hivi, itoe kwenye nyaya, uiweke mahali pakavu pasipopigwa na jua. Kama bado unalipa, piga simu kwa muuzaji kabla ya kufungwa uulize kama malipo yanaweza kusimamishwa miezi hiyo. Akikubali, mwambie akutumie kwa maandishi.