Je, Wajua? Hesabu za Kubeba na Kukopa

Kila aliyepita darasa la pili amepanga tarakimu juu na chini, akapiga mstari, akajumlisha au akatoa. Walioelezwa kwa nini njia hiyo inafanya kazi ni wachache. Tuanze.

JE, WAJUA kuwa mtoto ana majumlisho 45 tu ya kukariri? Tarakimu 0 hadi 9 zikijumlishwa mbilimbili zinatoa maswali 100. Yenye sifuri yanajijibu yenyewe, na anayejua 3 + 8 anajua pia 8 + 3. Yanabaki 45. Hata swali liwe la mamilioni, ndani yake hamna zaidi ya hayo pamoja na kubeba.

JE, WAJUA kuwa ukijumlisha namba mbili, unachobeba hakizidi 1? Safu nzito kuliko zote ni 9 + 9 na 1 iliyobebwa, jumla 19. Namba zikiwa tatu hutabeba zaidi ya 2. Zikiwa nne, si zaidi ya 3. Kwa hiyo mtoto akijumlisha 8 + 7 akabeba 5, kujumlisha anajua. Alichokosea ni mahali: kumi ameliandika chini na mamoja ameyapeleka juu.

JE, WAJUA kuwa hesabu hizi ziliwahi kufanywa kwenye vumbi? Wahindi na Waarabu wa kale walikokotoa juu ya ubao uliotandazwa vumbi, wakifuta tarakimu kwa kidole na kuandika nyingine. Karibu mwaka 952, huko Damascus, al-Uqlidisi aliandika kitabu kinachofundisha kukokotoa kwa kalamu na karatasi bila kufuta. Sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba ubao wa vumbi ulikuwa chombo cha wapiga ramli wa barabarani, na muungwana hakupenda kufananishwa nao.

JE, WAJUA kuwa tarakimu hizi za 0 hadi 9 ziliwahi kupigwa marufuku? Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence, Italia, kiliwakataza wanachama wake kuzitumia katika vitabu vya hesabu. Hofu inayotajwa sana ni udanganyifu: 0 hugeuzwa 6 au 9 kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu. Hadi leo hundi ya benki hudai kiasi kiandikwe kwa maneno pia.

JE, WAJUA kuwa alama za + na − zilionekana kwa mara ya kwanza kitabuni mwaka 1489? Kitabu hicho cha hesabu za biashara kilikuwa cha Johannes Widmann, kikachapwa Leipzig, Ujerumani. Miaka mitano baadaye Luca Pacioli wa Italia bado alitumia herufi p na m. Alama ya = ilisubiri hadi 1557, ilipobuniwa na Robert Recorde wa Wales. Alichora mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vilivyo sawa kuliko hiyo.

JE, WAJUA kuwa si lazima kubeba kila mara unapofika kumi? Hutegemea unachohesabu. Katika dakika unabeba ukifika 60. Mtoto wa Uingereza, hadi Februari 1971, alibeba kwenye 12 kutoka peni kwenda shilingi, na kwenye 20 kutoka shilingi kwenda pauni, yote ndani ya swali moja. Huku kwetu, rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipogawanywa upya kuwa heller 100. Kabla ya hapo, pesa 40 na pesa 30 zilikuwa rupia 1 na pesa 6. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoingia mwaka 1921, ilikuja na senti 100 tangu mwanzo.

JE, WAJUA kuwa makosa ya watoto katika kutoa yana mpango? Mwaka 1978 Wamarekani John Seely Brown na Richard Burton walionyesha kuwa mengi hayatokani na uzembe. Mtoto ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu swali baada ya swali. Kanuni maarufu kuliko zote ni kutoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 52 − 37 inakuwa 25, kwa sababu "2 kutoa 7 haiwezekani, lakini 7 kutoa 2 inawezekana". Nyingine huhusu sifuri: 40 − 7 inakuwa 47, kwa kuwa sifuri "haina kitu", basi 7 inashuka kama ilivyo. Mtoto wa namna hii hafaidiki na maswali ishirini zaidi. Atayakosa yote ishirini kwa njia ileile, na kanuni yake itazidi kukomaa.

JE, WAJUA kuwa kosa la 58 + 37 = 815 lina ukweli ndani yake? 8 + 7 ni 15, sawa. 5 + 3 ni 8, sawa. Kilichokosekana ni kujua kuwa ile 8 ni makumi manane na kwamba 15 ina kumi lake linalotakiwa kuungana nayo. Mwulize mtoto kwanza: "Hamsini na kitu ukiongeza thelathini na kitu, utafika mia nane?" Wengi hushtuka na kujisahihisha wenyewe.

JE, WAJUA kuwa zipo njia zaidi ya moja za kutoa, na zote ni halali? Chukua 72 − 38. Njia ya kwanza huvunja kumi moja: 72 inakuwa makumi sita na mamoja 12. Njia ya pili huongeza kumi pande zote mbili: juu 2 inakuwa 12, chini makumi matatu yanakuwa manne. Jibu ni 34 kote. Ipo na ya tatu, iliyofundishwa katika kitabu cha hesabu kilichochapwa Treviso, Italia, mwaka 1478: 2 kutoa 8 haiwezekani, basi tafuta kinachopungua ili 8 ifike 10, yaani 2, ukijumlishe na 2 ya juu upate 4, kisha ongeza 1 kwenye 3 ya chini, utoe 4 kwenye 7.

JE, WAJUA kuwa mbili za kwanza kati ya njia hizo zimewahi kushindanishwa? Mwaka 1949 William Brownell na Harold Moser walichapisha utafiti juu ya watoto wa darasa la tatu Marekani. Waliofundishwa kuvunja kumi huku wakielezwa maana yake waliwapita wenzao. Njia ileile ilipofundishwa kwa kukariri tu, ubora huo haukuonekana.

JE, WAJUA kuwa neno "kukopa" huwachanganya watoto? Mkopo hulipwa, na hapa hakuna anayelipa. Mtafiti Liping Ma, katika kitabu chake cha 1999, alilinganisha majibu ya walimu 23 wa Marekani na 72 wa China. Wamarekani wengi walieleza kutoa kwa lugha ya kukopa. Wachina wengi walisema wanavunja kizio kikubwa kuwa vidogo. Fungu la vijiti kumi lililofungwa kwa uzi hueleza jambo hilo kwa sekunde chache: mamoja yakipungua, fungua fungu moja.

JE, WAJUA kuwa mashine inaweza kutoa kwa kujumlisha? Blaise Pascal wa Ufaransa alianza kuunda kikokotoo chake mwaka 1642 ili kumsaidia baba yake katika kazi za kodi. Magurudumu yake hayakurudi nyuma, hivyo alitumia ujanja wa tisa. Kwa 734 − 256, badili kila tarakimu ya 256 kuwa kile kinachoifikisha 9: unapata 743. Jumlisha 734 + 743, ni 1,477. Ondoa ile 1 ya mbele, uiongeze nyuma: 478. Kompyuta za leo hutumia ujanja wa ukoo huohuo kwa tarakimu 0 na 1.

JE, WAJUA kuwa mwenye duka mara nyingi hatoi kabisa? Ukimpa noti ya 10,000 kwa bidhaa za 6,400, hupanda: 100 inafika 6,500, 500 inafika 7,000, 3,000 inafika 10,000. Chenji ni 3,600, hakuna kilichokopwa wala kuvunjwa.

JE, WAJUA kuwa 1,000 − 458, swali linalowaliza watoto kwa sifuri zake tatu, linaweza kufanywa bila kukopa hata mara moja? Punguza 1 kila upande: 999 − 457. Jibu ni 542, na tofauti haijabadilika.

JE, WAJUA namna ya kukagua jumla bila kuirudia? Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja. Kwa 478 + 256 = 734: 478 inatoa 1, 256 inatoa 4, pamoja 5; na 734 inatoa 5. Zisipolingana, kuna kosa. Zikilingana, usishangilie mapema: aliyeandika 743 naye atapita ukaguzi huu. Kwa kutoa, ukaguzi wa uhakika ni kujumlisha jibu na namba ya chini. Lazima urudi kwenye ya juu.

JE, WAJUA kuwa tathmini za Uwezo, zilizoanza karibu mwaka 2010 nchini Kenya, Tanzania na Uganda, ziliwapima watoto nyumbani kwao kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili? Kujumlisha na kutoa kulikuwamo, na aliulizwa hata aliyekuwa madarasa ya juu, hata asiyekwenda shule.

Basi mzazi, daftari likirudi na alama ya kosa, usikimbilie kumwonyesha mtoto njia yako. Mwambie akueleze alivyofanya, safu kwa safu, kuanzia mamoja. Kosa litajitaja lenyewe, na hapo ndipo pa kuanzia kumfundisha.