ULINGO MWEMA WA KULINDIA SHAMBA

Kila mwaka mahindi yaanzapo kukomaa, mkulima aishiye karibu na msitu huanza kazi ya pili baada ya ile ya jembe. Mchana huja nyani na tumbili. Usiku huja nguruwe na nungu, na mahali pengine kiboko au ndovu. Shamba lililotunzwa kwa miezi minne laweza kuharibiwa kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo watu wetu tangu zamani hujenga ulingo, ambao wengine huuita dungu, wakakaa juu yake kuyalinda mazao yao mpaka yavunwe.

Lakini wengi huufikiria ulingo kuwa kitu cha siku chache tu, nao huujenga kwa haraka kwa miti yo yote iliyo karibu. Huo ndio mwanzo wa msiba. Mahindi yakiliwa mwaka huu yatapandwa tena mwakani. Bali mtu aliyevunjika uti wa mgongo huenda asishike jembe tena maisha yake yote. Basi yafaa kila mkulima ajue jinsi ya kuchagua ulingo ulio salama, na ajue pia ya kwamba ulingo usiokalika vizuri hauwezi kuwa salama.

MAFUNZO YA WAWINDAJI

Ulingo haujulikani kwetu peke yetu. Huko India wawindaji huuita machan. Jim Corbett, aliyejulikana sana kwa kuwaua chui na simamarara waliokula watu, alimpiga risasi chui wa Rudraprayag usiku mmoja wa mwaka 1926 akiwa juu ya mwembe. Chui huyo alihesabiwa kuwa ameua watu 125. Baadaye Corbett alihamia Kenya, akafa Nyeri mwaka 1955, na kaburi lake liko huko.

Huko Marekani mpaka leo wawindaji wa kulungu hukaa juu ya miti, mara nyingi kwa urefu wa futi 15 hadi 20. Viti vyao huuzwa madukani: vingine vimeungwa na ngazi yake, vingine hufungwa shinani kwa mikanda, na vingine hupandishwa hatua kwa hatua na mwindaji mwenyewe. Wawindaji hao wamejifunza jambo moja kwa gharama kubwa, nalo ni kwamba adui wa kwanza wa mtu aliye juu ya mti si mnyama, bali ni kuanguka. Tena wengi huanguka wakati wa kupanda, au kushuka, au kuvuka kutoka ngazini kuingia kitini. Mtu aangukaye kutoka futi 16 hufika chini kwa sekunde 1 tu, na kasi yake hapo ni karibu kilometa 36 kwa saa. Hana nafasi ya kushika tawi.

Hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, kwa hiyo ulingo wetu ni wa kulindia, si wa kuwindia. Tofauti hii ni kubwa. Mwindaji hujificha ili mnyama amkaribie. Mlinzi wa shamba ataka mnyama ajue mapema ya kwamba yupo mtu. Hivyo mlinzi hana haja ya kupanda juu sana wala kujibana katikati ya majani. Sakafu yenye urefu wa futi 10 kutoka chini yatosha kumwezesha kuona juu ya mahindi. Kila futi inayozidi haja ni hatari ya bure.

MAHALI NA MTI

Kwanza zunguka shamba lako mchana, uangalie nyayo na njia za wanyama. Ulingo usiwe juu ya njia yenyewe, bali mahali ambapo mlinzi ataweza kuona pande zote za mpaka. Angalia pia upepo wa usiku huelekea wapi. Afadhali upepo utoke upande wa msitu kuja kwako, maana utakuletea sauti ya vijiti vivunjikavyo kabla nguruwe hajaingia shambani.

Pili, chagua mti ulio hai, wenye shina nene na mizizi iliyoshika. Mwembe mzima na mkwaju ni miti mizuri. Usipande mkorosho, kwa kuwa matawi yake hukatika upesi, wala mkaratusi, ambao huweza kuangusha tawi zima hata siku isiyo na upepo. Gonga shina kwa kisu cha panga: likilia kama ngoma, ndani ni tupu. Tazama kama kuna mzinga wa nyuki, siafu, au tundu liwezalo kukaa nyoka. Tena usichague mti uliosimama peke yake kilimani, maana mvua ya radi ikija huo ndio utakaopigwa kwanza.

Pasipo mti ufaao, simamisha nguzo nne, uzichimbie chini futi 2 au zaidi, na kila upande uweke miti miwili ya mshazari ili nguzo zisiyumbe. Nguzo zichunguzwe mara kwa mara chini kwenye udongo, kwa sababu mchwa hula ndani na kuliacha ganda likionekana zima.

KITI CHA KUKALIKA

Wako watu wasemao ya kwamba mlinzi akiketi vizuri atalala. Hao wamekosea. Mtu aliyeketi juu ya fito mbili hufa ganzi miguu kabla ya usiku wa manane. Hugeuka huku na huku, husimama ajinyoshe, na katika giza miguu isiyo na nguvu humwangusha. Naye aumwaye na mgongo hawezi kuutazama mpaka wa shamba. Hutazama mbingu, akiomba kuche. Akaaye vizuri ndiye aonaye vizuri.

Basi sakafu iwe na upana wa futi 4 na urefu wa futi 6, ili mtu aweze kunyosha miguu. Fito zipangwe karibu karibu, mguu usiweze kupenya. Pawe na kiti kilichoinuka hata nyayo zikanyage sakafu sawasawa, na mgongo uegemee shina. Pande zote zizungushwe ukingo imara ufikao kifuani kwa mtu aliyeketi. Ezeka paa la nyasi au makuti kwa ajili ya umande, na mlinzi awe na blanketi. Usiwashe jiko juu ya ulingo, kwa maana nyasi kavu na usingizi ni majirani wabaya wa moto.

Kamba ya katani hufunga vizuri ikiwa mpya, lakini mvua na jua huiozesha. Ulingo wa mwaka jana usipandwe kabla kamba zote hazijakatwa na kufungwa upya. Ni kazi ya asubuhi moja.

KUPANDA NA KUSHUKA

Ngazi ifungwe juu na chini, na ncha zake zipite sakafu kwa futi 3, ili mtu aingiaye awe na cha kushika. Wakati wa kupanda, mguu mmoja au mkono mmoja tu ndio uondoke. Vile viungo vitatu vingine viwe vimeshika. Wakati wa kushuka uso uelekee ngazi. Usipande na panga mkononi wala mkuki begani. Panda mikono mitupu, keti, kisha vuta vyombo vyako kwa kamba: tochi, filimbi, debe la kupiga, maji na blanketi.

Wawindaji wa Marekani hufundishwa kuvaa mikanda ya mwili mzima, ipitayo mabegani na mapajani, yenye kamba fupi iliyofungwa shinani juu ya kichwa. Mikanda ya namna hiyo huvaliwa pia na mafundi wa nguzo za umeme. Mwenye uwezo na ainunue. Lakini mtu asijifunge kamba moja kiunoni au kifuani akadhani amepona. Akianguka, kamba hiyo yaweza kumbana pumzi. Hata mwenye mikanda mizuri asiachwe akining'inia muda mrefu, kwa sababu damu hujikusanya miguuni na mtu huzimia. Ikiwa mikanda haipatikani, afadhali ulingo mfupi wenye ukingo kuliko mrefu wenye kamba ya matumaini.

NANI AKAE?

Kazi hii asipewe mtoto. Mtoto wa shule aliyekesha ulingoni husinzia darasani, na hasara yake haionekani kwa gunia la mahindi. Asipewe pia mtu aliyekunywa pombe. Wakae watu wazima wawili, wapokezane usingizi, na watu wa nyumbani wajue waliko na saa watakayorudi.

Ndovu ni habari nyingine. Ndovu mkubwa huweza kusukuma mti wa kadiri ukaanguka, na mkono wake hufika juu kuliko sakafu ya ulingo mwingi. Mahali wanapopita ndovu, mlinzi asijidhani yu salama kwa kuwa yuko juu. Apige debe na kumulika taa wangali mbali, na habari zipelekwe upesi kwa askari wa wanyamapori. Wakulima wa Sagalla, karibu na Voi, wamepata msaada kwa kuzungusha mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki, kwa sababu ndovu huwaogopa nyuki. Na ikiwa mazao yameharibiwa, mkulima asiache kupeleka taarifa, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka njia ya kudai fidia.

Kabla mahindi hayajatoa mbelewele, mkulima mwenye busara atakwenda kuutazama ulingo wake mchana, akiwa na kamba mpya na shoka. Atatikisa kila nguzo na kukanyaga kila ufito. Kile ambacho hakimridhishi mchana asikitumainie usiku. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kazi yetu ni kuhakikisha ya kwamba atashuka kwa miguu yake mwenyewe.