Picha tatu za chumba kimoja: tuzihifadhi nyumba zetu jinsi zilivyo

Nyumba ya mawe inapobomolewa au kupigwa saruji, iwe Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, mara nyingi kinachobaki ni picha tu. Lakini picha nyingi ninazoonyeshwa na vijana wetu hazitoshi kuwa kumbukumbu. Ama zidaka zinaonekana na kiwanda kimekuwa cheupe pe, ama kiwanda kimetoka vizuri na chumba ni giza totoro.

Si kosa la mpigaji. Jicho huzoea mwanga na kivuli kwa haraka, kamera haiwezi. Sehemu iliyozidiwa na mwanga haina kitu cha kurudisha, hata uihariri vipi.

Dawa yake ni ya zamani. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alitengeneza picha za bahari kwa negativu mbili, moja ya mawingu na nyengine ya maji, akaziunganisha kuwa moja.

Leo tunafanya hivi. Weka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu. Tundu la lenzi, ISO na fokasi usiviguse. Badilisha muda wa kuingiza mwanga tu. Kama picha ya wastani ni 1/60 ya sekunde, ya pili iwe 1/15, ipate mwanga mara nne na kuonyesha zidaka. Ya tatu iwe 1/250, ipate takriban robo, ionyeshe kiwanda. Kwenye kompyuta, programu ya bure kama Hugin huchukua kutoka kila picha sehemu iliyopata mwanga wa kadiri. Simu nyingi hufanya hivyo zenyewe ukiwasha HDR, ila tuliza mkono. Paka akipita au pazia likipepea, hutoka mara mbili kama kivuli.

Hapa nina neno. Wapo wanaokoleza rangi mpaka chokaa inageuka samawati na ukuta unang'aa pembeni kana kwamba una taa. Hiyo ni picha ya kuuzia watalii. Fundi atakayetaka kuurudisha ukuta huo miaka 20 ijayo ataifuata picha yako, na vivuli vikiwa vya uongo hatajua kina cha kidaka. Chumba chenye giza kibakishiwe giza lake kidogo, na ufa uonekane ufa.

Na zile picha tatu za asili msizifute. Ziwekeni pamoja, mkiandika tarehe na jina la mtaa. Iliyounganishwa ni ya kutazama. Ushahidi ni hizo tatu.