Jinsi ya Kuchagua Darubini Ndogo ya Mfukoni

Katika mashamba ya mtama na uwele ya uwanda wa kati, kuanzia Bahi hata Kondoa, adui anayehofiwa na mkulima nafaka inapokaribia kukomaa ni ndege mdogo aitwaye kwelea kwelea. Ndege mmoja aweza kula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Basi kundi la ndege milioni moja laweza kumaliza tani 10 kwa siku moja. Ili hatua zichukuliwe mapema, hapana budi kundi hilo litambuliwe lingali mbali, wala lisichanganywe na makundi ya mnana, ambao majike yao hufanana sana na kwelea. Kwa macho matupu kazi hii ni ngumu. Kwa darubini ya macho mawili, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyezoezwa aweza kuifanya.

Darubini ndogo za namna hii, zinazoweza kukunjwa na kutiwa mfukoni, siku hizi huuzwa hata minadani. Lakini nyingi miongoni mwake hazifai, na shule yenye fedha kidogo ikikosea mara moja huenda isipate fedha ya kununua mara ya pili. Makala haya yaeleza jinsi mwalimu na wanafunzi wake wanavyoweza kuitumia fizikia ya darasani kutenganisha darubini njema na mbovu.

Maana ya namba mbili

Juu ya kila darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8×25. Ya kwanza ni ukuzaji: ndege aliye umbali wa mita 80 huonekana kana kwamba yupo mita 10. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita.

Wanunuzi wengi hutazama namba ya kwanza peke yake, wakidhani kwamba iliyo kubwa ndiyo bora. Sivyo. Darubini inapokuza ndege hukuza pia mtetemo wa mkono wa mtazamaji. Aidha, ardhi kavu ya Dodoma ikishapata joto la jua, hewa iliyo juu yake huchezacheza, na ukuzaji mkubwa huonyesha mchezo huo wa hewa kuliko kitu chenyewe. Kwa darubini inayoshikwa mkononi bila kiegemeo, ukuzaji wa 7 au 8 watosha. 10 ndio mwisho.

Sasa tugawanye namba ya pili kwa ile ya kwanza: 25 kwa 8 ni 3.1. Hiki ni kipenyo, kwa milimita, cha duara la nuru linalotoka katika darubini na kuingia jichoni. Wakati wa mchana mkali mboni ya jicho husinyaa hata kufikia milimita 2 au 3. Kwa hiyo darubini ndogo ya 8×25 hulipatia jicho nuru yote linaloweza kuipokea, na hata darubini kubwa haiwezi kulizidishia. Lakini jioni, kwelea wanaporejea malaloni, mboni hupanuka hadi milimita 5 au zaidi, na duara la milimita 3 haliijazi tena. Hapo picha hufifia. Darubini ya 10×25, ambayo duara lake ni milimita 2.5 tu, hufifia mapema zaidi. Ndiyo sababu, kati ya darubini za mfukoni, 8×25 yafaa kuliko 10×25 kwa kazi nyingi. Anayekusudia kuhesabu ndege magharibi hana budi kukubali mzigo wa darubini ya 8×42, ambayo lenzi yake hukusanya nuru karibu mara tatu ya ile ya milimita 25.

Jaribio la rula

Namba zilizoandikwa si lazima ziwe za kweli. Zipo darubini za mfukoni zilizopigwa chapa ya 30×60, hali lenzi ya mbele haifiki hata nusu ya milimita hizo. Rula moja yatosha kuufichua uongo huu. Kwanza, pima kipenyo cha lenzi ya mbele. Kisha ielekeze darubini kwenye anga ing'aayo, mbali kabisa na jua, na uweke karatasi nyembamba nyuma ya lenzi ya jichoni. Isogeze taratibu mpaka duara la nuru lionekane wazi, nawe upime kipenyo chake. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili. Tuseme lenzi ni milimita 24 na duara ni milimita 3: ukuzaji wa kweli ni 8, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni 30.

Ubora wa vioo

Kila uso wa kioo kisichopakwa dawa hurudisha kiasi cha asilimia 4 ya nuru inayoupiga. Nuru ikipita nyuso 10, thuluthi moja hupotea. Watengenezaji bora huzipaka lenzi utando mwembamba wa kupunguza upotevu huo. Tazama taswira ya taa katika lenzi: ikiwa na rangi ya zambarau au kijani iliyofifia, utando upo, ikiwa nyeupe kama kwenye kioo cha dirisha, haupo. Jihadhari na lenzi nyekundu zing'aazo, kwani hizo huondoa sehemu ya rangi ya kitu unachokitazama.

Hatimaye, tazama nyaya za umeme zilizo umbali wa mita 100 au zaidi, kisha uitenge darubini na macho polepole. Waya ukionekana mmoja upande huu na kupanda au kushuka upande wa pili, mirija miwili hailingani. Darubini kama hiyo huulazimisha ubongo kuziunganisha picha mbili, na mtazamaji huumwa kichwa. Usiinunue kwa bei yoyote. Mwenye kuvaa miwani naye aijaribu akiwa amevaa miwani yake.

Vumbi na jua

Wakati wa kiangazi vumbi la uwanda wetu hupenya kila mahali. Basi chagua darubini iliyozibwa barabara isipenywe na maji. Lenzi ikiingia vumbi, lipulize au liondoe kwa brashi laini kwanza. Anayefuta kwa pindo la shati hukwaruza kioo kwa chembe za mchanga.

Na jambo lililo zito kuliko yote: kamwe usilitazame jua kwa darubini. Jua huweza kuunguza sehemu ya ndani ya jicho mara moja, bila mtazamaji kuhisi maumivu. Tahadhari hiyo ni ile ile wakati wa kupatwa kwa jua kama kule kulikoonekana nchini tarehe 1 Septemba 2016.

Ndugu mwalimu, kabla ya kutoa fedha ya shule, nenda dukani na rula na kipande cha karatasi. Darubini moja iliyopita majaribio haya yafaa kuliko tatu za bei ndogo zitakazofungiwa kabatini. Mchana itawatambua kwelea; na usiku usio na mbalamwezi, ielekezeni kwenye Kilimia, ambapo macho matupu huona nyota sita au saba, nanyi mtaziona kwa makumi.