Maharage yameota, mbona hayana kichwa?

Vuli iliyopita kijana mmoja wa hapa Ndama alinipigia simu. "Shikamoo bwana shamba. Maharage yangu yameota vipara." Nilicheka. Nilipofika shambani nikaacha kucheka.

Eka nzima, tena ya kukodi. Nafasi safi, sentimita 50 kwa 20, mbegu 2 kila shimo, yaani mashimo kama 40,000. Lakini miche mingi ilikuwa shingo tupu: mingine imebeba kipande kimoja cha mbegu, mingine haina kabisa kile kichipukizi cha katikati.

Loweka haragwe usiku kucha, livue ganda. Litagawanyika nusu mbili nene. Hizo ni kotiledoni, ghala la wanga na protini. Katikati, pembeni kidogo, kuna kiinitete chenye mzizi na vijani viwili. Mpaka majani ya kweli yafunguke, mche unakula ghala hilo tu. Unalinyanyua juu ya udongo, na likiisha linasinyaa na kudondoka. Mahindi ghala lake, endospemu, linabaki chini. Kahawa, wenye vitalu mnajua, inanyanyuka na punje nzima kama askari na kofia yake. Usimvue kofia kwa mkono! Majani yaliyomo ndani bado yanakula.

Tukafungua mbegu zilizobaki kwenye mfuko wake. Chache zilikuwa na tundu la bungua. Ukiliona lile tundu la duara ujue mdudu ameshakula kotiledoni na kutoka, ila kama hakugusa kiinitete mbegu itaota, mche dhaifu. Hapo ndipo wengi tunadanganyika.

Tatizo kubwa lilikuwa jingine. Mbegu zilikuwa na nyufa chini ya ganda. Alikuwa amepura kwa fimbo kwenye sakafu ya saruji, maharage yamekauka kupita kiasi. Kwa kula hakuna shida. Kwa mbegu, umekata mche shingo kabla haujazaliwa.

Kwa hiyo mbegu itenge mapema. Usiiache shambani ikikauka muda mrefu, maana bungua hutaga mayai kwenye maganda hukohuko. Pura kwa mkono au juu ya turubai, taratibu, kisha ihifadhi ikiwa kavu kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kabla ya kupanda otesha 100 kwenye mchanga wenye unyevu, siku 7 hadi 10. Usihesabu zilizochomoza tu, hesabu zenye kichipukizi na kotiledoni zote mbili. Chini ya 80 mimi sipandi. Na usifukie zaidi ya sentimita 5, mche unasukuma ghala zima kutoka chini.

Kijana alinunua mbegu nyingine akapanda upya katikati ya Novemba. Alivuna, ila si alichokuwa amepigia hesabu. Kodi ya shamba aliimalizia kwa ndizi za mama yake.