Mkono Unaotetemeka na Kalamu Isiyo na Wino

Mkono wa binadamu hautulii. Nyoosha vidole mbele yako: misuli inatikisika mara 8 hadi 12 kwa sekunde, kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni. Mchoraji hodari naye hana kinga. Kalamu ya kuchovya inapogusa karatasi, msuguano humeza sehemu ya tetemeko hilo, na linalobaki huingia katika wino. Alfredo Alcala wa Ufilipino, aliyeanza kutoa hadithi yake ya Voltar mwaka 1963, alizijaza kurasa vistari vilivyokatizana kwa maelfu, na hakuna viwili vinavyofanana kabisa.

Wafilipino huziita hadithi zao za katuni komiks, na kuna wakati zilisomwa na kila mtu. Kenkoy, kijana mtanashati mwenye vituko aliyechorwa na Tony Velasquez, alitokea katika jarida la Liwayway mwaka 1929. Darna wa Mars Ravelo, mwanamke shujaa anayepaa, alifuata mwaka 1950, akichorwa na Nestor Redondo. Asiye na pesa ya kununua alikodi nakala kwenye duka la mtaani, akaisoma papo hapo na kuirudisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni za katuni za Marekani zikagundua hazina hiyo ya wachoraji. Tony DeZuniga alifungua njia, kisha Redondo, Alcala, Alex Niño na wenzao wakafuata. Kurasa zao zilisafirishwa kutoka Manila hadi New York zikiwa karatasi halisi.

Leo programu za kuchorea kwa kompyuta hulaumiwa kwamba ndizo zilizoua komiks. Tarehe zinakataa. Magazeti makubwa ya komiks yalidhoofika miaka ya 1990, yakiwa yamebanwa na televisheni na video, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 yalikuwa yamekwisha. Kati ya programu hizo, Procreate ilitoka mwaka 2011, Clip Studio Paint mwaka 2012. Mtuhumiwa alifika baada ya mazishi.

Alichobadilisha mtuhumiwa huyo ni mstari wenyewe, na hapo ndipo penye sayansi. Chukua vibao vya kuchorea vya Wacom, kampuni ya Japani. Kalamu yake haina betri. Chini ya uso wa kibao kuna nyaya nyingi zinazotoa mawimbi ya sumakuumeme. Koili iliyo ndani ya kalamu huyapokea, hutetema kwa masafa yale yale, kisha huyarudisha. Nyaya zilizo karibu husikia jibu kwa nguvu zaidi, na hivyo kibao hujua ncha iko wapi. Ukikandamiza, masafa hubadilika kidogo, na badiliko hilo husomwa kama uzito wa mkono, katika ngazi zinazofikia 8,192. Kwa karatasi, hesabu kama hiyo hufanywa na chuma: ncha ya kalamu hupanuka, wino ukamwagika zaidi.

Kisha huja kitufe cha kunyoosha mistari. Kikiwashwa, programu haichori pale kalamu ilipo. Huchukua nukta kadhaa zilizotangulia, ikapiga wastani wake, ikachora hapo. Tetemeko, kwa kuwa huenda huku na huku, hujifuta lenyewe ndani ya wastani, na mwendo mpana wa mkono unabaki. Gharama yake ni kuchelewa: mstari huifuata kalamu kama mtoto anayeburutwa sokoni. Kwa nywele ndefu za Darna hiyo ni neema. Kwa vistari vya Alcala ni balaa, maana pigo limekwisha kabla wastani haujafika, na ncha iliyotakiwa kuchoma inatoka butu.

Ukiona kazi za vijana wengi zina mistari laini inayofanana kama imetoka mkono mmoja, usikimbilie kusema hawana kipaji. Mara nyingi wameiacha programu ilivyokuja. Na wengi wao wasingechora kabisa bila hiyo: programu ya ibisPaint hufanya kazi kwenye simu, hata kwa kidole, na kosa hufutwa bila kuharibu karatasi ya bei ghali.

Tishio la kweli liko kwingine. Mwaka 2015 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha jinsi mtandao wa neva wa kompyuta unavyoweza kuchukua mtindo wa mchoro mmoja na kuuvika picha nyingine. Programu zinazogeuza picha ya kamera kuwa katuni zilikuja kwa wingi baada ya hapo. Mwandishi wa hadithi ndefu hazimtishi sana, kwa kuwa lazima ajue mhusika atageukia wapi ukurasa unaofuata. Anayeguswa kwanza ni yule anayechora sura za wateja kwa malipo.

Kompyuta hiyo hiyo imeokoa kazi za wazee. El Indio, komiks ya Francisco Coching ya mwaka 1953, ilirudi kama kitabu mwaka 2009. Gerry Alanguilan, mchoraji aliyefariki mwaka 2019, alizikusanya kurasa za zamani, akazionyesha kwenye intaneti, kisha akafungua jumba la makumbusho mjini San Pablo. Trese, komiks ya Budjette Tan na Kajo Baldisimo, iliyoanza kwa nakala za fotokopi, ilifika Netflix mwaka 2021.

Shida moja haijapata dawa ndani ya skrini. Faili haina nakala halisi, na ukurasa halisi huuzwa kwa mkusanyaji, mara nyingine kwa pesa inayozidi malipo ya kuuchora. Kwa hiyo baadhi ya wachoraji huanza rasimu kwenye tableti, huichapa kwa buluu hafifu juu ya karatasi nzito, na kuipitia kwa wino. Wakiiskani, buluu huondolewa. Faili huenda kwa mhariri, karatasi hubaki kabatini ikisubiri mnunuzi.